Tulifika Pwani Bahari Ikiwa Imeondoka

Saa nne na dakika arobaini asubuhi, Jumamosi ya tarehe 25 Mei 2024, mama yangu aliteremka garini pembeni mwa soko la samaki la Bagamoyo, akajifunga upya kanga yake ya juu, akatazama mbele kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kwa sauti ya mgeni asiyetaka kumwaibisha mwenyeji wake:

"Ndiyo hii?"

Mbele yetu kulikuwa na uwanda wa mchanga uliolowa, wenye rangi ya chai ya maziwa, uliokwenda mbali kiasi kwamba watu waliokuwa wakitembea mwishoni mwake walionekana wadogo kama njiti. Mashua zilikuwa zimelala ubavu kama ng'ombe wa adhuhuri, kamba za nanga zao zikiwa zimelegea juu ya tope. Mwanangu wa miaka saba, ambaye tangu Chalinze alikuwa amevaa kaptula ya kuogelea na kukataa kuvaa kitu kingine juu yake, alisema jambo ambalo mimi na mama tulikuwa tumelinyamazia.

"Mama, maji wameyapeleka wapi?"

Tulikuwa tumetoka Morogoro saa kumi na mbili kasorobo.

Sikuandika habari hii mapema kwa sababu niliiona kuwa aibu ndogo ya familia, ya kuchekewa wakati wa Krismasi na kusahauliwa. Wiki zimepita na haijasahaulika. Inanijia nikiwa kazini, inanijia nikiwa kwenye daladala ya Kihonda, na kila inaponijia inaniuliza swali lile lile: niliwezaje kutumia mwezi mzima kuchagua ufukwe, nikaulinganisha na mingine kwa vigezo saba, na kisha nikafika nikakuta bahari haipo?

## Daftari

Mama ana miaka sitini na minane na anaishi Mgeta, juu milimani, ambako analima karoti na kabichi kwenye matuta ya ngazi. Morogoro mjini ameshuka mara zisizohesabika kwa ajili ya soko. Dar es Salaam aliwahi kwenda mara moja tu, kumuuguza dada yake, akakaa siku tisa kati ya wodi na chumba cha kupanga, akarudi bila kuiona bahari. Mwaka huu alinitamkia, kama mtu anayetaja bei ya mbolea, kwamba hataki kufa bila kuijua.

Ombi la mzazi likitolewa hivyo, mtu hununua daftari.

Mkazi wa Morogoro anayetaka kuiona bahari na kurudi kulala kwake hana fukwe nyingi, ingawa ramani humdanganya kwamba anazo. Saadani, ambako hifadhi ya taifa inagusana na bahari, niliifuta siku ya kwanza kwa kuwa ni safari ya kulala. Mbudya ilikuwa ndoto yangu mwenyewe, kisiwa chenye mchanga mweupe na maji ya kuona miguu yako, kinacholindwa kama hifadhi ya bahari tangu 1975. Lakini kukifikia ni kupanda boti kule Kunduchi, na mama aliposikia neno boti alibadilisha mazungumzo. Coco Beach niliipendea mihogo yake ya kukaanga, nikaiogopea miamba yake na umati wa mwisho wa juma. Kigamboni ilikuwa na kila kitu isipokuwa njia nyepesi, kwa maana kwamba uwe utapita Daraja la Nyerere au utavuka kwa kivuko, lazima kwanza ulimalize jiji lote.

Na jiji ndilo lililoamua. Kutoka Morogoro hadi Mbezi mwisho unaweza kukisia muda utakaotumia. Kutoka Mbezi mwisho hadi baharini hukisii, unaomba. Safari ya siku moja ina saa kumi na mbili za mwanga, na kila saa inayoliwa na foleni inakatwa kwenye bahari, haikatwi kwenye usingizi wala kwenye barabara. Bagamoyo, kwa upande wake, ilinipa njia isiyoligusa jiji kabisa: unafika Chalinze, unakata kushoto hadi Msata, kisha unashuka kilomita 64 za lami hadi pwani, ukiuvuka Mto Ruvu njiani. Kaka yangu akakubali kutoa gari lake na kuliendesha mwenyewe, mradi mafuta yawe yangu.

Nilichora safu saba daftarini: umbali, gharama, kivuli, choo, chakula, mawimbi, na usalama wa mtoto. Bagamoyo ilishinda kwenye safu tano. Nililifunga daftari nikiwa na raha ya mtu aliyemaliza kazi, na leo nikilifungua naona kwamba safu zote saba zinahusu mahali. Hakuna hata moja inayohusu saa.

## Ndoo ya mama

Kabla ya pale sokoni tulikuwa tumeanzia kwenye geti la hoteli moja ambayo sitaitaja, kwa sababu desturi yake ni ya hoteli nyingi za pwani na si haki kuibebesha peke yake. Mlinzi alitueleza kwa adabu kwamba kuna kiingilio, na kwamba chakula cha kutoka nje hakiruhusiwi. Mama alikuwa na ndoo ndogo ya plastiki yenye mfuniko, na ndani yake ndizi za kuchemsha, maharage ya nazi, karanga, na mahindi mawili aliyoyachoma usiku wa manane ili yasikauke. Mlinzi alipendekeza tuiache getini, tutaichukua wakati wa kutoka.

Mama alimsikiliza hadi mwisho, akamshukuru, akarudi garini na ndoo yake.

"Twende kusikokuwa na ukuta," alisema. "Mimi nimekuja kuona maji."

Nilitaka kubishana. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita sitini kutoka ukingo wa bahari, na mtu yeyote aliyewahi kutafuta njia ya kufikia maji katika fukwe zetu za mijini anajua jinsi mita hizo zinavyopotea nyuma ya maua yaliyopandwa vizuri. Hata hivyo kubishana na mlinzi kuhusu sheria ni kumchosha mtu ambaye hakuitunga na hakuivunja. Kaka aliwasha gari. Ndivyo tulivyofika sokoni, kwenye ufukwe wa wote, wenye harufu ya samaki na moshi wa wakaangaji, na ndiko mama alikouliza lile swali lake.

## "Nakuuliza mwezi"

Chini ya mti wa mkungu alikuwapo mzee mmoja akishona wavu, akiwa ameubana kwa kidole gumba cha mguu ili ukazike. Nilimwamkia, akaitika marahaba bila kuinua macho. Nilimuuliza kama maji yatarudi leo. Ni swali la kijinga na nililiona likiwa kijinga wakati bado liko mdomoni, lakini nilikuwa na mtoto aliyevaa kaptula ya kuogelea, na aibu ya mzazi ina ujasiri wake.

"Leo tarehe ngapi?" aliniuliza.

"Ishirini na tano."

Sindano yake ya kushonea ilisimama. "Hiyo ya ofisini. Nakuuliza mwezi, mwanangu."

Sikujua. Nina simu yenye kila kitu, na sikujua mwezi wa angani uko wapi.

Alijijibu mwenyewe: Mfungo Pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani, tarehe kumi na sita. Kisha akanieleza kwa sentensi fupi, akiendelea na wavu wake, mambo ambayo kwa mtu wa pwani si elimu bali ni kama kujua mlango wa nyumba yake unafunguka upande gani. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji ni ya bamvua: yanajaa sana na kupwa sana, yanajaa alfajiri na alasiri, na asubuhi hii mliyokuja nyinyi yanakuwa mbali. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu: hayajai sana wala hayapwi sana, na asubuhi huyakuta yapo. Kila siku yanachelewa kidogo kuliko jana, kiasi cha saa moja kasoro. Leo, alisema, yameanza kugeuka sasa hivi. Yatafika hapa kwenye mashua baada ya adhuhuri, na alasiri yatakuwa yamejaa tele.

"Mnaondoka saa ngapi?"

Nilimwambia saa tisa, ili tusikutwe na giza kabla ya Chalinze.

Alicheka, si kwa ubaya. Alisema watu wa bara huja wakati maji yameondoka, na huondoka wakati maji yanakuja, na hurudi kwao wakisema Bagamoyo ni matope.

Baadaye nilisoma kwenye simu yale ambayo mzee alikuwa ameyasema bila simu. Mwezi mpevu ulikuwa Alhamisi, siku mbili kabla yetu. Mwezi na jua vikiwa kwenye mstari mmoja na dunia huvuta maji kwa pamoja, na katika pwani hii tofauti ya kina kati ya maji kujaa na kupwa hupita mita tatu. Vikivuta kwa pembe mraba, tofauti hiyo hushuka hadi kukaribia mita moja. Kwenye ukuta wa bandari mita tatu ni ngazi tu. Kwenye ufukwe ulioinama taratibu kama wa Bagamoyo, mita tatu za kwenda juu ni mamia ya mita za kwenda mbele, na ndiyo maana bahari inaweza kutoweka mbele ya macho ya familia iliyotoka alfajiri kuifuata. Jambo lililoniuma zaidi ni kwamba ratiba hii haibadiliki. Siku za bamvua hapa maji makavu huangukia saa nne, saa tano hivi, saa ile ile ambayo mtu wa Morogoro, akitoka mapema na akiendesha kwa uangalifu, hufika. Nilikuwa nimechagua siku hiyo kwa sababu ilikuwa mwisho wa mwezi wa mshahara.

## Tope

Nilipogeuka, mama hakuwapo.

Alikuwa amevua viatu, amevipanga juu ya ndoo, na tayari alikuwa hatua mia moja ndani ya mahali ambapo bahari ingekuwa. Alikuwa akitembea kama anavyotembea shambani baada ya mvua, miguu ikitua kwa ubavu, mikono nyuma. Mjukuu wake alimkimbilia. Nikawafuata, nikiwa bado nimebeba maneno ya kuomba radhi niliyokuwa nimeyapanga.

Hakuna aliyeyahitaji. Kwenye madimbwi yaliyoachwa na maji kulikuwa na kaa wadogo waliokimbia kwa ubavu na kujizika wakitazamwa, na konokono waliochora mistari mirefu mchangani kama wino wa mtoto wa chekechea. Wanawake wawili walipita na ndoo wakiokota kome. Mama aliwasalimia, akatazama ndani ya ndoo zao, akauliza wanapikwaje, na mazungumzo hayo yalichukua muda mrefu kuliko yangu na mzee. Wapagazi walikuwa wakishusha shehena kutoka kwenye jahazi lililokwama mbali, wakitembea na mizigo mabegani juu ya kile ambacho baada ya saa chache kingekuwa chini ya maji yaliyowapita vichwa. Mtoto aliacha kuuliza maji yako wapi. Alikuwa amempata kaa mwenye gando moja.

Tulitembea hadi ukingo wenyewe. Bahari ilikuwa pale, imetulia, inalamba mchanga bila sauti, na rangi yake haikuwa ya buluu.

Mama alichuchumaa. Alichovya kidole, akaonja, akakunja uso na kucheka kwa sababu aliambiwa maisha yake yote kwamba ni chumvi na sasa amehakikisha. Kisha akachota tope kidogo chini ya maji, akalisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, kama anavyofanya akitaka kujua kama shamba limekubali maji.

"Huu si udongo wa hapa," alisema. "Huu umetoka mlimani."

Nilidhani ni maneno ya mama. Ni maneno ya kweli kabisa. Mto Ruvu unaingia baharini kaskazini tu ya mji wa Bagamoyo, na Ruvu unaanzia kwenye milima ya Uluguru. Mto Mgeta unaomwagilia karoti zake ni tawi lake, na Ngerengere unaojaza Bwawa la Mindu na kupita Morogoro mjini ni tawi lake vilevile. Masika ya mwaka 2024 yalikuwa makali, na wiki tatu kabla ya safari yetu Kimbunga Hidaya kilikuwa kimepita pwani hii. Daraja tulilovuka asubuhi tukisema "mto umejaa" lilikuwa juu ya maji ya kwetu, yakiwa yamebeba mashamba ya kwetu, yakienda kule kule tulikokuwa tunakwenda. Tulisafiri zaidi ya saa nne kuyafuata matope yetu wenyewe, na mimi nilikuwa nimeyaona kama kasoro ya ufukwe.

Kuhusu udongo wa Uluguru mtu angeweza kuandika makala nyingine, kwa maana ndio uliowafanya watu wa milima hiyo waasi mwaka 1955, walipochoka kulazimishwa na serikali ya kikoloni kuchimba matuta ya ngazi ili usimomonyoke. Mama alizaliwa mwaka mmoja baada ya hapo. Alisimama pale ukingoni akiutazama udongo unaokwenda, na sikuthubutu kumuuliza anawaza nini.

Alichoomba ni chupa. Kaka alikuwa na chupa tupu ya maji ya nusu lita garini. Mama aliijaza, akaifunga, akaipangusa kwa kanga.

## Kilichonisumbua

Ningeweza kuishia hapo na kusema kumbe kila kitu kilikwenda vizuri. Hakikwenda. Mwanangu hakuoga baharini siku ile. Maji yalipoanza kurudi tulikuwa tunakula ndizi chini ya mkungu, na yalikuja upesi kuliko nilivyotazamia, yakijaza kwanza madimbwi, kisha mifereji, kisha yakizinyanyua mashua moja moja kutoka ubavuni hadi zikasimama. Na saa tisa kasoro, wakati yalipofika karibu na viatu vyetu, kaka alitazama saa. Mtoto alilia kuanzia pale hadi Makofia. Kilio kile kilikuwa cha haki na kilikuwa juu yangu.

Nilichojiuliza kwa wiki zilizofuata ni kwa nini sikumuuliza mtu. Nina marafiki wa Bagamoyo. Kazini kwetu yuko dada mmoja wa Tanga ambaye nilimwomba ushauri wa hoteli, choo, na bei ya samaki, na sikumuuliza kuhusu maji yenyewe, wala yeye hakunitajia, kwa kuwa haikumpitia akilini kwamba mtu mzima anaweza kupanga kwenda baharini bila kuutazama mwezi. Naye hakukosea. Sisi wa bara tunaijua bahari kama tunavyolijua Bwawa la Mindu, kitu kilichokaa mahali pake kikisubiri kutazamwa. Methali ya maji kujaa na kupwa tumeisoma darasani, tukaambiwa inahusu utajiri na umaskini, tukajibu maswali ya mtihani, na hakuna aliyetuambia kwamba kabla ya kuwa methali ni taarifa ya saa.

Jambo la pili lilinisumbua zaidi, na bado sijalimaliza. Ufukwe ule nilikuwa ninamchagulia nani? Safu ya mawimbi, safu ya usalama, safu ya kivuli, zote nilizijaza nikimwona akilini mwangu mama akiwa ameketi kwenye kiti cha kulalia, akitazama maji ya buluu, akiwa na furaha ya aina ninayoifahamu kutoka kwenye picha za watu wengine. Yeye alikuwa ametaja neno moja tu, kuijua. Mtu hukijua kitu kwa kukikanyaga.

## Maji mafu

Mtoto alikuwa na deni lake, kwa hiyo tulirudi baharini Jumamosi ya tarehe 13 Julai.

Safari hii nilianza na mwezi. Ulikuwa nusu, siku ya sita au ya saba tangu uandame, maji mafu kama alivyosema mzee: yangejaa asubuhi bila kufika mbali, na hata tukichelewa yasingekuwa yamekwenda popote. Tena treni ya umeme ilikuwa imeanza kubeba abiria kati ya Morogoro na Dar es Salaam mwezi mmoja kabla, nauli shilingi 13,000 kwa mtu mzima, na hesabu yangu yote ya foleni ilikuwa imebadilika ghafla. Kigamboni, iliyoshindwa daftarini kwa sababu ya jiji, sasa ilikuwa ndio ufukwe mwepesi kuliko yote: unashuka stesheni, bajaji hadi Magogoni, kivuko kwa shilingi mia mbili, bajaji nyingine hadi Mjimwema. Mama alisita kidogo penye kivuko, kwa kuwa alikwishasema hapandi boti, lakini aliona magari yakiingia, akasema kitu kinachobeba lori si boti.

Tulifika mchana. Bahari ilikuwapo, yote, buluu hadi upeo wa macho, na mivinje ilikuwa inatoa kivuli kama nilivyoandika daftarini.

Na ilikuwa Julai. Nilikuwa nimeujua mwezi na kuusahau upepo.

Kusi huvuma pwani hii katika miezi ya kipupwe, na ufukwe unaotazama bahari kuu haujifichi. Mawimbi yalikuja yakiwa yamekunja vichwa, yakapasuka kwa kishindo kilichomfanya mama arudi nyuma hatua tatu kila mara, hata pale ambapo povu lilikuwa mbali naye. Mchanga ulitupiga miguuni kama sindano. Mwanangu alifurahi mno. Kaka alimshika mkono wakati wote, wakaingia hadi magotini, wakaangushwa, wakanyanyuka, na deni likalipwa lote kwa kelele. Mama aliketi chini ya mvinje, kanga ikiwa imefunika kichwa na masikio, ndoo ikiwa kati ya miguu yake ili isipeperushwe, akiitazama bahari kwa heshima na bila upendo.

Baada ya saa nzima alinivuta kiwiko.

"Haya yanaondoka saa ngapi?"

Nilimweleza kwamba leo hayataondoka sana, kwamba nimechagua siku hii makusudi ili yawepo, kwamba mwezi ni nusu. Nilieleza vizuri, nadhani mzee wa Bagamoyo angeridhika. Alinisikiliza kwa upole ule ule aliomsikiliza nao mlinzi wa getini.

"Mwanangu," alisema, "mimi nataka siku ile nyingine."

## Juu ya kabati

Chupa ya Bagamoyo alikuwa ameiacha kwangu mwezi Mei, kwa kuwa alikuwa na mizigo mingi ya kupanda nayo Mgeta. Niliiweka juu ya kabati la vyombo. Siku ile ya safari maji yake yalikuwa kama chai. Kesho yake yalikuwa yameng'aa, na chini kulikuwa na tabaka la udongo wa kahawia, laini, la unene wa nusu ya ukucha. Nilishangaa kwamba limetua upesi hivyo, kwa sababu maji ya mto tukiyaweka ndooni hukaa siku kadhaa bila kutulia. Chumvi ndiyo inayofanya kazi hiyo: huzifanya chembe za udongo zishikane, ziwe nzito, zizame. Ndivyo inavyotokea kila siku mbele ya mdomo wa Ruvu. Udongo unaobebwa kutoka milimani bila kuzama njia nzima hukutana na chumvi na kulala, na ndio unaoufanya ufukwe wa Bagamoyo uwe mpana na mlaini na wa kutembelea mbali. Kaole, kilomita chache kusini, ilikuwa bandari, na leo ukisimama kwenye magofu yake unatazama mikoko.

Mwanzoni mwa Agosti nilipanda Mgeta na kumpelekea chupa yake. Jirani yake, mama mtu mzima kama yeye, alikuja kuiona. Aliishika kwenye mwanga, akaigeuza, akasema maji ya bahari ni meupe kumbe, kama ya chemchemi.

"Siyo," alisema mama. Akaichukua mkononi mwake, akakaza mfuniko, akaitikisa.